Mji Mkongwe wa Zanzibar: Nyumba ni Yangu, kwa Nini Niombe Ruhusa?



Ndugu wasomaji, mara nyingi mtu husema: "Nyumba ni yangu, kwa nini niombe ruhusa kubadilisha dirisha?" Swali hili husikika sana katika miji yetu ya kale ya pwani. Leo tuliangalie kwa kupitia historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ili wazazi na wanafunzi tupate mazingatio.

Nyumba nyingi tunazoziona huko ni za karne ya 19. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vyumba vikawa vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Nje kuna baraza ya kukaa na wageni. Ndani mna ua, ili watu wa nyumba wapate hewa na mwangaza bila ya kuonwa na wapita njia. Wazee wetu hawakujenga kiholela. Walichunga stara na haki ya jirani, mambo yenye uzito mkubwa katika dini yetu. Baadhi ya nyumba zilikuwa wakfu, mapato yake yakitunza misikiti na masikini.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na matengenezo yakapungua. Paa zilivuja, boriti zikaoza, nyingine zikaanguka kabisa. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukatolewa mpango wa hifadhi uliotayarishwa pamoja na taasisi ya Aga Khan, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo, wenye hekta 96, katika Urithi wa Dunia. Kwa utaratibu huu, anayetaka kubomoa, kuongeza ghorofa au kugeuza sura ya nyumba hupeleka maombi Mamlaka kwanza.

Kuna hekima gani hapo? Chukueni mfano wa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na ukuta huliwa kidogo kidogo bila ya mwenyewe kujua. Na kwa vile nyumba zimeshikana, anguko la moja ni balaa la jirani.

Hata bango la duka si jambo dogo. Milango mingi ya nakshi ina maandishi juu yake, mingine aya za Qur'ani. Likitundikwa hapo bango kubwa la biashara, neno la Mwenyezi Mungu linafunikwa na tangazo. Je, hilo tutaliita maendeleo?

Lakini tuseme kweli: ruhusa ina faida pale tu inapokuwa sawa kwa wote. Kule Shangani, jumba la kale la Mambo Msiige liligeuzwa hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilionesha wasiwasi wake juu ya jengo jipya lililoongezwa kando yake. Ikiwa mjane anazuiwa kubadilisha dirisha moja, na mwenye mtaji mkubwa anapandisha ukuta mbele ya bahari, watu wataona sheria ni ya wanyonge tu. Uadilifu ndio unaoifanya sheria iheshimiwe. Na chokaa na fundi wake ni gharama. Familia masikini inahitaji kusaidiwa, si kukatazwa tu.

Uchakavu nao haungoji. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Basi ndugu zangu, iwe Zanzibar, Lamu au Mombasa, kabla ya kupiga nyundo tuulize: je, jirani yangu atadhurika? Na wajukuu watakuta nini? Wazazi, watembezeni watoto katika mitaa hiyo, wasomeni pamoja yale yaliyoandikwa juu ya milango. Anayejua thamani ya kitu hahitaji askari wa kumkataza kukiharibu.

Wabillahi Tawfiq.