Onyesho Lililochelewa Miaka 43

Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Misisi na saa ya Paris huwa moja. Kinshasa, makao makuu ya nchi yetu ya Kongo, iko nyuma kwa saa nzima. Kwa hiyo mwanamuziki wetu akipanda jukwaani Paris saa mbili usiku wa Aprili, mchimbaji wa Misisi aliyetoka shimoni jioni, akaoga, akala bugali kwa ndagala, anaweza kukaa kwenye benchi na kumwona saa hiyo hiyo. Hana haja ya kukesha. Shida yake ni mtandao tu.

Misisi iko kusini mwa Fizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayoelekea Kalemie. Ni mji wa dhahabu, na mji wa dhahabu una tabia zake: pesa huingia kwa mkupuo na kutoka usiku uleule, na vijana waliotoka kila upande hutafuta pa kupoteza jioni. Ukumbi wa video ndio mahali hapo. Mbao na maturubai, mabenchi, jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, skrini moja mbele, na spika zinazosikika mpaka barabarani. Mchana ni filamu zilizotiwa maelezo ya Kiswahili, jioni mpira. Likitokea onyesho kubwa la Fally Ipupa au Koffi Olomide, mpira husogezwa.

Kuliona onyesho la mbali wakati uleule linapofanyika ni jambo geni huku. Kwa muda mrefu Fizi iliyapata mambo hayo yakiwa yamepoa, na lililochelewa kuliko yote halikutoka Ulaya wala Marekani. Lilitoka Kinshasa.

Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, Uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, ulipokea tamasha la Zaire 74, kwa jina la nchi la wakati ule. Waandaaji walikuwa Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mwenzake Stewart Levine. Walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba. Wenyeji walikuwa Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti Masikini. Muziki ulipangwa kuutangulia mpambano wa Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, na wanamuziki wakabaki kupiga peke yao kwa ajili ya sherehe ambayo ilikuwa bado haijafika.

Ngumi zenyewe zilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, yaani saa kumi na moja huku Fizi. Sababu haikuwa ushirikina wala joto. Marekani, watu walikuwa wamelipa kuingia kwenye kumbi za sinema kuona pambano kwa setilaiti, na kwao ilikuwa saa nne usiku, wakati mzuri wa kutoka matembezini. Mzaire aliamshwa alfajiri ili Mmarekani asichelewe kulala. Ukitaka kujua matangazo ya moja kwa moja yametengenezwa kwa ajili ya nani, angalia ni nani aliyelazimika kurekebisha saa yake.

Na ule muziki wa Septemba? Picha zake zilikwama miaka mingi kwenye ugomvi wa pesa na wanasheria. Filamu ya When We Were Kings ilitoka mwaka 1996, lakini ilikuwa zaidi ya Ali kuliko ya magitaa. Soul Power, ambayo kweli ni ya tamasha, ilitoka 2008. Sauti za Franco, Tabu Ley na Abeti za siku zile zilitolewa kama albamu mwaka 2017 tu, miaka 43 baadaye. Abeti alikuwa amefariki 1994, Franco 1989, Tabu Ley 2013. Wamarekani waliwahi kumwona James Brown wao. Franco wetu tulimsubiri mpaka wajukuu wakapata simu.

Mwaka 1985 likaja tamasha kubwa kuliko yote. Tarehe 13 Julai, Live Aid ilifanyika Wembley jijini London na Philadelphia kwa siku moja, ikirushwa kwa setilaiti duniani kote kuchangia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Ilisemwa kwamba watazamaji walikaribia bilioni mbili. Namba za namna hiyo mimi huzipokea kwa mkono mmoja. Kundi lililotia fora ni Queen, na mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Visiwa vyenyewe vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, wakati ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, Tanzania bara, televisheni ilisubiri hadi miaka ya 90. Kwetu, Baraka na Fizi, kulikuwa na redio: sauti ya Kinshasa ikikubali, na Radio Tanzania ambayo ilivuka maji bila kuombwa. Mhabeshi aliyekuwa akiimbiwa hakuliona tamasha lile. Hilo halikuonekana ajabu wakati ule.

Intaneti ilipoanza kubeba muziki, ilianza kwa kituko. Juni 1993, wahandisi kadhaa wa kompyuta huko California waliokuwa na bendi ya kujifurahisha, Severe Tire Damage, walipiga muziki kazini kwao wakautuma kwenye mtandao. Ukaonekana hadi Australia. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Novemba 1994, Rolling Stones walirusha sehemu ya onyesho lao la uwanjani Dallas kwa njia hiyohiyo na kutaka wasifiwe kuwa wa kwanza. Wale wahandisi, bila kualikwa, wakaingia hewani kabla ya Stones na kupiga nyimbo zao, kwa kuwa mtandao wa siku zile haukuwa na mlinzi mlangoni. Stones walifunguliwa jukwaa na mafundi wa kompyuta! Lakini mwaka huo wa 1994 Kivu ilikuwa ikipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, na neno intaneti lilikuwa halijafika hata Bukavu vizuri.

Tulichokuwa nacho sisi ni Bercy. Ukumbi huo wa Paris, uliofunguliwa 1984 na ambao siku hizi unaitwa Accor Arena, uligeuka mizani ya kupimia wanamuziki wa Kongo. Koffi Olomide aliujaza Februari 2000. Werrason akafuata Septemba mwaka huohuo, na JB Mpiana, hasimu wake tangu bendi ya Wenge Musica ilipovunjika mwaka 1997, naye akaenda 2001. Nani kajaza, nani kaacha viti wazi: mabishano hayo yalivunja urafiki.

Wakati Koffi akiimba Bercy, Fizi ilikuwa vitani. Waasi wa RCD walishika miji na barabara, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa milimani, na maelfu ya watu wetu walikuwa ng'ambo, kwenye kambi za Lugufu na Nyarugusu mkoani Kigoma. Waliporudi kwa meli hadi Baraka, kuanzia Oktoba 2005, kanda za video na baadaye diski za maonyesho hayo zilikuwa zimeshazunguka ziwa zima. Mtu aliiona Bercy ya mwaka 2000 baada ya miaka, picha imechoka kwa kunakiliwa, na bado alishangilia kama ni leo. Sioni aibu yoyote katika hilo. Shabiki aliyechelewa alikuwa na jambo moja ambalo wa laivu hana: alirudisha nyuma pale alipopenda, mara kumi, mpaka akaishika kila hatua ya wachezaji.

Oktoba 2009 U2 walirusha onyesho zima la uwanja wa Rose Bowl, California, kupitia YouTube, na likafunguliwa mara milioni 10 hivi. Miezi mitatu kabla, kebo ya intaneti ya SEACOM ilikuwa imetua Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya upande wetu wa Atlantiki, WACS, ilianza kazi Moanda mwaka 2013. Kutoka pwani hizo mbili mpaka vilima vya Fizi ni safari nyingine.

Aprili 2016 ndio mwezi ninaouhesabu. Mwanzoni mwake Facebook ilimruhusu kila mtu kurusha video ya moja kwa moja kwa simu yake. Alfajiri ya tarehe 24, mwanamuziki Papa Wemba alikuwa jukwaani Abidjan, kwenye tamasha la FEMUA lililokuwa likionyeshwa kwenye televisheni. Alivaa kofia yake, wachezaji wako mbele yake, ngoma zinakwenda. Akaanguka nyuma yao. Kwa muda waliendelea kucheza, kwa kuwa hawakuwa wamemwona. Aliyekuwa mbele ya televisheni alijua kabla ya mchezaji aliyesimama hatua chache kutoka kwake. Papa Wemba alifariki akiwa na miaka 66. Asubuhi hiyo kipande kile kilipita simu hadi simu, Lubumbashi, Goma, Kigoma, na watu wakakitazama wakitumaini kwamba safari hii atainuka.

Tangu hapo simu ndiyo ukumbi. Lakini si ukumbi wa kila siku, maana serikali ina mkono wake humo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Kuanzia Septemba 2020 ikaja kodi ya usajili wa simu iitwayo RAM, iliyokata yuniti za mwenye simu kimyakimya hadi ilipofutwa mwaka 2022 baada ya kelele nyingi. Na mega zina bei yake: picha hafifu hula mega mia mbili hivi kwa saa, iliyo safi hupita giga moja. Ndiyo maana benchi zima hukaa nyuma ya simu moja, au huchangia mwenye ukumbi anunue mega na kuunganisha kwenye skrini.

Zikiwapo simu mbili, ugomvi hauepukiki. Video ya laivu haiji kama maji ya bomba. Hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila simu husubiri vipande kadhaa ijaze akiba ndipo ionyeshe. Mwenye mtandao mzuri husubiri kidogo, mwenye mbaya husubiri zaidi. Basi huyu wa kulia anashangilia Fally ametokea, wa kushoto bado anatazama taa za jukwaa. "Ndugu, nyamaza, usitutangulie!" Halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya skrini, na wote wanaangaliana.

Tarehe 28 Februari 2020, waliomsubiri Fally pale Bercy waliona moshi kwanza. Wapinzani wa serikali ya Kinshasa walioko Ulaya, ambao kwa miaka walikuwa wakizuia wanamuziki kuimba huko, waliwasha moto karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Onyesho lilifanyika hata hivyo. Oktoba 2022 aliimba nyumbani, Stade des Martyrs, umati ukazidi uwezo wa uwanja, na watu 11 wakafa. Mtu wa Fizi aliyelalamika usiku ule kwamba picha inakatika alikuwa, kusema kweli, mahali pazuri kuliko wengi.

Halafu likaja tamasha lililotuhusu wenyewe. Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Mwanamuziki Gims na wenzake wakatangaza Solidarité Congo, palepale Bercy, kuchangia watoto wa mashariki. Tarehe iliyotangazwa, 7 Aprili, ni siku ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Polisi wa Paris wakapinga, likahamia 22 Aprili. Dadju, Fally na Youssoupha walikuwemo. Miaka 40 baada ya Live Aid, tofauti ni kwamba anayechangiwa ana simu. Anaweza kusema sauti mbaya, au kwamba wimbo ule si wa kuimbia msiba.

Siku ileile ya 22 Aprili, dhahabu iligusa dola 3,500 kwa aunsi kwenye soko la dunia, bei ambayo hadi siku hiyo ilikuwa haijawahi kufikiwa. Wanunuzi wa Misisi hufuata bei hiyo kwa simu zilezile, na ujumbe wa bei hauli hata mega moja.