Penseli, Wino na Rangi: Kutoka Lamu hadi Pipeline

Kuchora mandhari na majengo papo hapo, mchoraji akiwa mbele ya kitu chenyewe, kulikuwa sehemu ya kazi ya wasafiri wa karne ya 19 Afrika Mashariki. James Augustus Grant, aliyeondoka Unguja mwaka 1860 pamoja na msafiri mwenzake Speke kutafuta chanzo cha Nile, alichora watu, makazi na mimea njiani kwa penseli na rangi za maji. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh.

Baadaye kalamu ikageukia nyumba za mawe za pwani. Mwaka 1975 msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha jijini Nairobi kitabu kuhusu mji wa Lamu, kikionyesha kwa michoro mpangilio wa vyumba, madaka na mitaa. Kazi za aina hiyo zilisaidia sana kuuhifadhi mji huo, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, haikupata bahati hiyo. Nyumba za udongo za Pumwani, zilizojengwa kwa ramani ya Kiswahili kuanzia miaka ya 1920 na nyingi kuezekwa kwa mabati ya madebe, baadhi yake zimebomolewa.

Pipeline, mtaa wa Embakasi katika jiji hilohilo, haina jengo la kale. Jina lake linatokana na bomba la mafuta la kutoka Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Ploti za ghorofa saba, nane na zaidi zilifuata baadaye. Hata hivyo mtaa huu unastahili kuchorwa kama Lamu. Vichochoro ni vyembamba, nguo zimeanikwa kila ghorofa, na anga ni ukanda mdogo tu. Penseli hutangulia, kupima jinsi mistari ya ghorofa inavyokimbilia mbali. Wino usioyeyuka hushika kingo za mawe, grili na nyaya. Palipo na shuka nyeupe hupakwa nta kabla ya rangi ya maji, kwa kuwa nta hukataa maji. Makaa huja mwisho, kwa giza la ngazi.

Anayeweza kushika penseli na auchore mtaa huu sasa, na aandike tarehe na jina la barabara pembeni mwa karatasi.