Merikebu Santo António de Tanná
Ngome ya Yesu, Mombasa

Vyombo unavyoviona hapa vilikaa chini ya bahari karibu miaka 280. Vilikuwa ndani ya merikebu ya kivita ya Wareno, iliyoundwa kwa mbao za msaji huko Bassein, India, na kushushwa majini mwaka 1681. Ilitumwa kutoka Goa kuiokoa ngome hii, iliyozingirwa na majeshi ya Oman tangu Machi 1696. Ikazama Oktoba 1697, hapo chini ya kuta. Mwaka uliofuata ngome nayo ikatekwa.

Kati ya 1977 na 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Bahari ya Marekani ziliichimba. Maji ya mlango wa bahari ulio chini ya ngome yana tope na mkondo mkali. Mara nyingi mzamiaji alifanya kazi kwa kupapasa. Kila kitu kilipimwa na kuchorwa mahali kilipolala kabla ya kuinuliwa. Tope hilohilo lililowasumbua wazamiaji ndilo lililoyahifadhi mabavu ya merikebu yasioze.

Mabavu hayo hayakutolewa. Mbao zilizolowa karne tatu hupasuka zikikauka, hivyo zilifukiwa tena palepale. Zingali huko.