Sumu na Kipimo Chake

Mkoba wa shangazi ulikuwa tayari tangu Jumatatu, ingawa basi letu la Dar es Salaam lilikuwa la Jumatano alfajiri. Ndani yake kulikuwa na kanga mbili, kipimajoto, ndimu za kunusa kichefuchefu kikianza, daftari la shule, na bahasha ya majibu ya damu. Damu alipimwa Tanga kabla ya kila mzunguko, maana chembe nyeupe zikishuka mno dawa huahirishwa. Nywele alizinyoa mwenyewe mapema. Alisema hataki kuziokota kwenye mto.

Ilikuwa safari ya nne. Alikuwa na saratani ya mitoki, na mimi, mwanafunzi wa uzamili wa historia niliyekuwa likizo, ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza. Jioni ile nilimkuta uani kwake Ngamiani, miyaa iko magotini lakini hasuki. Vidole vilikuwa na ganzi tangu mzunguko wa pili.

"Mwanangu, wewe uliyesoma. Hii dawa ni sumu, au si sumu?"

Jirani alikuwa amemwambia ni sumu tupu, na kwamba dawa yenyewe inatoka kwenye yale maua ya waridi yenye petali tano, yanayojiotea penye mchanga kando ya ukuta. Kwa nini apande basi wakati anaweza kuchemsha majani nyumbani?

Sikujibu upesi, kwa sababu jirani alikuwa amekaribia ukweli kuliko nilivyopenda. Ua lile asili yake ni Madagaska. Miaka ya 1950, nchini Kanada, Robert Noble na Charles Beer walilichunguza wakitafuta dawa ya kisukari. Sukari haikushuka, zilishuka chembe nyeupe za damu. Humo wakapata vinblastini, na muda mfupi baadaye watafiti wengine wakapata vinkristini, ambayo ilikuwa kwenye karatasi ya shangazi. Ndiyo iliyomla vidole, kwani huumiza mishipa ya fahamu.

Neno kemotherapi lenyewe halikuanza na saratani. Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Ujerumani, alilitumia mwanzoni mwa karne iliyopita kwa wazo la kutafuta kemikali itakayoua kijidudu bila kumwua mwenye nacho. Na kabla wazo hilo halijakomaa, lilijaribiwa huku kwetu. Mwaka 1906 Robert Koch alikuja Afrika Mashariki kutafuta tiba ya malale. Alianzia Amani, milimani juu ya Muheza, ambako Wajerumani walikuwa na taasisi ya utafiti tangu 1902. Kisha akaenda Visiwa vya Sese, Uganda, akadunga mamia ya watu atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu kwa muda, ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, wasione tena.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi kwa ajili ya masomo, na kila mara hukwama palepale. Kitabuni wale ni idadi. Hakuna aliyeandika walisema nini siku ukungu ulipoanza kuingia machoni. Ehrlich, kwa upande wake, alijua kuwa atoksili inaharibu mshipa wa jicho. Maabara yake ikatengeneza mamia ya kemikali za jamii hiyo hadi ikapata salvarsani, dawa ya kaswende iliyoingia sokoni 1910. Nayo haikuwa salama kabisa.

Basi nilimjibu shangazi: ni sumu, ndiyo. Lakini ile ya hospitali imepimwa kwa miligramu, kwa urefu na uzito wako. Ya ukutani haina kipimo, na haijulikani jani moja lina kiasi gani. Nikamweleza na habari za Sese. Nilijuta hapohapo, maana si hadithi ya kumpa mgonjwa usiku wa safari.

Alinyamaza kitambo. "Hao waliopofuka, walimwambia daktari kwamba hawaoni vizuri?"

"Sijui kama kuna aliyewauliza."

"Mimi sijamwambia vidole." Alikuwa ameficha mizunguko miwili, akihofu dawa itasimamishwa.

Tulipita Segera, tukapita Chalinze, naye amelala begani kwangu. Pale Ocean Road, kwenye hospitali ambayo Wajerumani waliifungua 1897, alitoa daftari kabla hajaulizwa. Nilikuwa nimemwandikia: siku ganzi ilipoanza, vidole gani, kikombe kilichomponyoka. Daktari alimwambia afunge na kufungua kifungo cha koti lake jeupe. Alishindwa mara mbili. Daktari akapunguza kipimo cha vinkristini, dawa nyingine zikabaki vilevile, akamwambia, "Mama, hili ungeniambia mapema." Shangazi akaitikia kwa heshima, kisha akanikata jicho kama vile kosa ni langu.

Dripu ilichukua sehemu kubwa ya siku. Ile dawa nyekundu ilipoisha alikwenda chooni akarudi akicheka kwamba mkojo umekuwa rangi ya juisi ya ubuyu. Usiku alitapika, akanusa ndimu, akalala. Asubuhi alitaka daftari. Mkono ulikuwa bado mzito, kwa hiyo mimi niliandika, yeye akasema: mzunguko wa tano, mwambie kama sindano ya kushonea ukili inashikika.