Minara ya Ukingo wa Mto Chicago na Hukumu za Watu juu ya Usanifu Wake

Makala haya yanakusudia kuchunguza maoni yaliyotolewa juu ya minara ya hoteli za kifahari na makao ya kuuzwa katika mji wa Chicago, nchini Marekani. Mji huo unastahili uchunguzi wa namna hiyo, kwani huko ndiko lilikokamilika jengo la Home Insurance mwaka 1885, likiwa na ghorofa 10 zilizobebwa kwa sehemu kubwa na kiunzi cha chuma badala ya kuta nene za matofali. Tangu hapo wakazi wake wamezoea kulijadili jengo refu kama watu wengine wanavyojadili siasa. Swali la msingi ni hili: mtu anapolihukumu jengo kuwa zuri au baya, huwa anahukumu nini hasa?

Ukingo wa kaskazini wa mto Chicago unasaidia kulijibu, kwa sababu majengo ya vizazi vitatu yamesimama hapo kwa ujirani. La kwanza ni Marina City, iliyojengwa katika miaka ya 1960 kwa michoro ya Bertrand Goldberg. Ni minara miwili ya mviringo, kila mmoja una ghorofa 65, na umbo lake limewafanya watu kuifananisha na magunzi ya mahindi. Fedha za kuanzisha kazi hiyo zilitoka katika chama cha wafanyakazi wa kutunza majengo, yaani wafagiaji na waendesha lifti. Wakati ule watu wengi wenye uwezo walikuwa wakihamia viunga vya mji. Kitovu kikibaki kitupu, wafanyakazi hao wangekosa kazi. Kwa hiyo minara ilipewa mahali pa kuegesha magari, gati la mashua, ukumbi wa maonyesho na maduka, ili watu wakae mjini usiku na mchana.

Hata hivyo haifai kuipamba historia. Vyumba vya Marina City vilikuwa vya kupangishwa, navyo vilikusudiwa zaidi watumishi wa maofisi wenye mshahara wa wastani kuliko wafagiaji wenyewe. Mwaka 1977 vilianza kuuzwa kimoja kimoja, na baadaye jengo la ofisi lililokuwa katika kiwanja hicho likageuzwa kuwa hoteli. Lakini jambo moja halina shaka: umbo lake la ajabu lilitokana na swali la nani atakaa mjini na kwa kazi gani.

Jengo la pili ni lile la kampuni ya IBM, lililokamilika mwaka 1973, miaka minne baada ya kufariki msanifu wake, Ludwig Mies van der Rohe. Lina ghorofa 52 za kioo na alumini nyeusi, bila pambo lolote. Lilikuwa jengo la ofisi tupu. Lakini mwaka 2013 hoteli ya kifahari ilifunguliwa katika ghorofa zake za chini. Hivyo ofisi ya jana imekuwa malazi ya mgeni wa leo, na nyumba ya kale ikapewa kazi mpya bila kubomolewa.

La tatu ni Trump International Hotel and Tower, kazi ya Adrian Smith, lililokamilika mwaka 2009. Linafika mita 423 pamoja na ncha yake, nalo lina hoteli na makao ya kuuzwa. Msanifu alilipunguza upana kwa ngazi, na kila ngazi inalingana na kimo cha jirani: kwanza jengo la Wrigley, kisha Marina City, hatimaye lile la IBM. Kwa njia hiyo mgeni mkubwa aliwaamkia wenyeji wake. Blair Kamin, mhakiki wa gazeti la Chicago Tribune, aliona mengi ya kusifu, ingawa ncha ya juu haikumridhisha.

Ugomvi mkubwa ulizuka mwaka 2014, wakati herufi tano za jina la mwenye jengo, kila moja ikizidi mita 6 kwa urefu, zilipowekwa kwenye uso unaoelekea mto. Kamin alizilaumu, naye Meya Rahm Emanuel alisema hazina ladha, japo serikali ya mji ndiyo iliyokuwa imetoa kibali. Baadaye mwaka huohuo mji uliweka kanuni za kuzuia mabango ya namna hiyo kando ya mto. Waliozitetea herufi walisema kwamba mwenye mali ana haki ya kuandika jina lake. Waliozipinga walijibu kwamba kioo ni chake, lakini mandhari ya mto ni ya wote.

Hapo ndipo swali la mwanzo linapopata jibu. Mabishano ya 2014 yalionekana kuwa ya urembo, kumbe yalikuwa ya umiliki. Msanifu Jeanne Gang, ambaye mnara wake wa Aqua ulisifiwa kwa baraza zake zinazofanana na mawimbi, alisanifu vilevile mnara wa St. Regis, uliokamilika mwaka 2020 ukiwa na hoteli na makao ya kuuzwa. Sifa zake ni za haki. Lakini hata umbo bora halielezi ni nani atakayeweza kulipia chumba ndani yake.

Kwa hiyo mhakiki wa majengo hana budi kusoma mambo mawili pamoja: uso wa jengo na mlango wake. Uso huonwa na kila apitaye darajani. Mlango huchagua. Wafagiaji wa miaka ya 1960 walilijua jambo hilo kabla ya wahakiki, kwa maana wao ndio waliokuwa wakiifungua na kuifunga milango hiyo kila siku.