Keekee ya 1863 na plastiki ya 1933

Leo tuziache programu kando kidogo tuzungumzie mashimo.

Majuzi nilikuwa naunda kasha la akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Lilikuwa la kukinga tarakilishi ndogo inayoweka hesabu za duka la shangazi yangu. Mashimo manne tu. Matatu yalitoka safi. La nne, keekee ilipokaribia kutokea upande wa pili, tap! Ufa mpaka ukingoni. Nilikuwa nimeahidi kazi Jumamosi na hela zilikuwa zimeisha.

Nikamwendea fundi wa jirani na kipande kilichosalia. Akachukua keekee yangu mpya, akaanza kusugua makali yake kwa jiwe la kunolea. Nikadhani ananiharibia. Kumbe alikuwa anasahihisha kosa la kihistoria!

Keekee tunayoijua, ile yenye mifereji iliyojisokota, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka wa 1863. Mvumbuzi wake, Stephen Morse wa Massachusetts, aliishi katika enzi ya chuma. Makali yake yameinama yapate kuchimba na kujivuta ndani ya chuma.

Akriliki ilikuja baadaye sana. Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu yake kuhusu kemia hiyo mwaka wa 1901, lakini jina la biashara Plexiglas lilisajiliwa mwaka wa 1933. Huko Uingereza, kampuni ya ICI ilitoa ya kwake, Perspex. Katika Vita vya Pili vya Dunia ikawa kioo cha chumba cha rubani wa Spitfire. Hapo ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti si hasara ya kasha. Ni maisha ya mtu. Tena akriliki hutanuka kwa joto takribani mara tatu kuliko alumini, ndiyo maana tundu lake hutobolewa pana kuliko bolti.

Sasa turudi kwa fundi. Keekee ya chuma ikiingia kwenye akriliki hujivuta kwa pupa. Mwishoni, safu nyembamba iliyobaki haiwezi kuhimili, inapasuka. Ukisawazisha makali kwa jiwe, keekee haichimbi tena, inakwangua. Ncha iliyochongoka zaidi nayo husaidia, kwa kuwa hutokea upande wa pili polepole.

Alinionyesha na mengine. Bana plastiki juu ya ubao, ili ubao uishikilie pale keekee inapotokea. Usikandamize. Inua keekee mara kwa mara utoe vumbi, na udondoshe maji, kwa sababu akriliki hulainika ikikaribia nyuzi 105 za Selsiasi. Ikiyeyuka na kupoa, hubaki na mkazo ndani yake. Kisha ukiifuta kwa spiriti, vijiufa vidogo vinachomoza kama utando wa buibui.

Sisi wa programu tunaufahamu ugonjwa huu: unachukua msimbo mzuri ulioandikiwa mashine nyingine, unaupachika pasipo pake, kisha unailaumu mashine. Mimi niliilaumu plastiki.

Shangazi alipata kasha lake Jumapili, badala ya Jumamosi. Lina mashimo manne, na hakuna ufa hata mmoja. Ile keekee niliyoisugua nimeipaka rangi nyekundu, isije ikarudi kwenye chuma.