Mstari Mwekundu wa Dhahabu: Historia Fupi ya Kupiga Chapa kwa Kemia

Kiswahili kina neno moja linalobeba kazi nyingi: chapa. Kitabu hupigwa chapa, ng'ombe hutiwa chapa ya mwenyewe, na bidhaa dukani hutambulika kwa chapa yake. Katika matumizi yote hayo wazo ni lilelile: alama huwekwa mahali palipokusudiwa, nayo hudumu. Makala haya yanasimulia jinsi wanasayansi walivyofikia kupiga chapa kwa chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho, na kwa nini habari hiyo inamhusu raia aliyeketi kwenye benchi la zahanati akingoja majibu ya damu yake.

Historia yenyewe inaanzia kwenye jiwe. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Bavaria, Ujerumani, mwandishi wa tamthilia Alois Senefelder alikuwa akitafuta njia nafuu ya kuchapisha kazi zake. Aligundua kwamba mtu akichora juu ya jiwe la chokaa kwa kitu chenye mafuta, kisha akalilowesha jiwe hilo kwa maji, wino wa mafuta hushika penye mchoro tu; penye maji haushiki. Hapakuwa tena na haja ya kuchonga herufi zilizoinuka, kwa kuwa kemia ndiyo iliyoamua wino ukae wapi. Tuishike kanuni hii, maana ndiyo uti wa mgongo wa yote yanayofuata: uso ukiandaliwa vema, huchagua wenyewe kitakachoushika.

Mwaka 1857, jijini London, Michael Faraday alieleza majaribio yake juu ya dhahabu. Alipoitenganisha kwa kemikali ikawa chembe ndogo mno zilizoelea majini, maji yaligeuka mekundu, wala hayakuwa ya manjano. Faraday alitambua kwamba rangi hiyo ilitokana na udogo wa chembe. Leo twazipima kwa nanomita: gawanya mita moja katika sehemu bilioni moja, na kila sehemu ni nanomita moja. Faraday alikuwa na wino wa ajabu mkononi, ila hakuwa na njia ya kuandika kwa wino huo.

Njia ilipatikana zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Amit Kumar na George Whitesides walieleza matumizi ya muhuri laini wa mpira wa silikoni. Wino wao ulikuwa molekuli zenye salfa, ambayo hushikana kwa nguvu na dhahabu. Muhuri ulipogusa bamba la dhahabu uliacha tabaka lenye unene wa molekuli moja tu, kwa umbo lililokusudiwa. Mwaka 1999, Chad Mirkin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Northwestern waliandika kwa ncha kali ya hadubini ya nguvu za atomu, kama mtu achovyaye kalamu katika wino, wakapata mistari yenye upana wa nanomita 30. Juu ya ruwaza za namna hii chembe huweza kualikwa mahali fulani na kukataliwa pengine.

Mwaka 2007 watafiti wa IBM na wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walipanga chembe za dhahabu zipatazo 20,000, kila moja ikiwa na kipenyo cha nanomita 60, zikafanya picha ya jua, alama ya kale ya dhahabu. Kila chembe iliwekwa mahali pake.

Msomaji aweza kuuliza: picha ya jua isiyoonekana bila hadubini yamfaa nini mkulima? Jibu limo katika kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo hiki hakikuzaliwa katika maabara nilizozitaja, lakini kinafuata kanuni ileile. Kiwandani, mashine huchora mistari miwili ya kingamwili juu ya utando mweupe. Mistari hiyo haionekani. Tone la damu likichanganywa na dawa ya majimaji hutiririka juu ya utando, likibeba chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili. Protini ya kimelea ikiwamo, hushikwa kati ya chembe na mstari wa kwanza. Dhahabu hujikusanya hapo na mstari mwekundu huonekana. Wekundu huo ni uleule aliouona Faraday.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi za Afrika kila homa ilidhaniwa kuwa malaria. Dawa zilitumika bure, na ugonjwa halisi ukaendelea kujificha. Kipimo kilimpa mgonjwa wa kijijini jambo ambalo zamani lilihitaji maabara: ushahidi anaoweza kuuona yeye mwenyewe.

Mstari wa pili una funzo kubwa zaidi. Huo hutokea iwe malaria ipo au haipo. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, majibu hayafai, hata yakipendeza. Hata hivyo, mstari huo hauwezi kugundua kila kasoro. Katika nchi ya Eritrea ilibainika kwamba baadhi ya vimelea havina tena protini inayotafutwa na vipimo vingi, hivyo mgonjwa aliweza kuonekana mzima. Mwaka 2016 nchi hiyo ilibadilisha aina ya vipimo vyake.

Kwa hiyo raia anayepimwa ana haki ya kuonyeshwa kipimo chake, kuuliza kama mstari wa uthibitisho umetokea, na kurudi kituoni homa isipokoma ingawa majibu yalisema hana malaria. Na serikali inayonunua vipimo ina wajibu wa kuchunguza mara kwa mara kama bado vinasema kweli.